Uso Ulioshonewa Ndani

Mama Pasi alikuwa amesikia malalamiko ya kila aina katika maisha yake, lakini kulaumiwa kwa usafi, hilo lilikuwa jipya.

"Imezidi usafi," alisema yule mnunuzi, akiugeuza mfuko huku na huku kama mtu anayemkagua kuku kabla ya kumnunua. "Mama zangu, kazi yenu nzuri, sikatai. Lakini nikimwonyesha mtu mfuko huu, nani ataamini kwamba ulikuwa takataka? Hata haunuki."

"Unuke?" aliuliza Mama Pasi.

"Siyo kunuka kunuka. Nasema alama. Doa hapa, doa pale. Wateja wetu wanapenda kuona kitu kimetoka wapi."

Wanawake walimwita Bwana Sampuli, kwa sababu kila alipokuja alitaka sampuli na kila alipoondoka aliondoka na sampuli. Hakuwa kijana mbaya. Alibisha hodi akangoja kuitikiwa, na mara moja alimbebea Mama Mapacha ndoo ya maji kutoka bombani hadi mlangoni bila kuombwa. Mama Pasi hakuwa mtu wa kusahau jambo kama hilo. Ndiyo maana alimjibu taratibu.

"Mwanangu, mimi nimefua mashuka ya hospitali tangu usichana wangu mpaka waliponiambia nikapumzike. Nimefua damu, nimefua usaha, nimefua na vitu ambavyo sitavitaja hapa watu wakinywa chai. Halikutoka shuka mkononi mwangu na doa, mgonjwa akalilalia. Leo uzeeni nipake doa kwa makusudi?"

"Ni biashara tu, mama."

"Basi biashara hiyo kaifanye na nguruwe. Atakupa madoa bure."

Mama Mapacha, aliyekuwa akikata plastiki kando ya dirisha, alicheka mpaka mkasi ukamponyoka. Hata Bwana Sampuli mwenyewe alicheka. Aliyekaa kimya ni Fundi peke yake, mguu ukiwa juu ya kikanyagio cha cherehani, macho kwenye sindano.

Fundi alikuwa wifi yake Mama Pasi, dada wa marehemu mumewe, na walikaa ua mmoja, milango ikitazamana. Alikuwa mshonaji wa kweli, si wa kubahatisha. Zamani maharusi walipanga foleni kwake. Kisha nguo za kununua tayari zikajaa kila kona, watu wakaanza kumletea zipu za kubadilisha na suruali za kupunguza, na mwisho hata hizo hazikuja. Cherehani ikakaa imefunikwa kitambaa kama mgonjwa aliyekatiwa tamaa. Mifuko hii ndiyo iliyomfufua. Utepe wa kupimia ulirudi shingoni, na hakuuvua hata alipokwenda kununua chumvi, ili walimwengu waone.

Bwana Sampuli alipoaga, akisema atajaribu kuwashawishi wenzake lakini hana uhakika, Fundi alisimama akamsindikiza mpaka njia panda. Mama Pasi aliwaona dirishani wakizungumza kwa muda mrefu, akajisemea: wifi yangu ana adabu, mgeni hamwachi aende peke yake. Ndivyo alivyoumbwa. Macho yake hukimbilia wema kwanza, na hayo mengine huyaona yakiwa yameshachelewa.

Baada ya muda oda ikaja, kubwa kuliko zote walizowahi kupata. "Mnaona?" Mama Pasi aliwaambia wenzake. "Mtu ukimwambia ukweli, anaelewa." Fundi aliinama akatunga uzi kwenye sindano.

Walifanyia kazi chumba cha mbele, ambacho zamani kilikuwa duka. Kaunta ilikuwa bado ipo, na juu yake, penye blanketi kuukuu lililokunjwa, ndipo Mama Pasi alipopigia pasi. Mifuko ya plastiki ya madukani ililetwa na majirani. Kwanza aliigeuza ndani nje, akaifua kwa sabuni, akaisuuza, akaianika kwenye kamba uani, ikipepea na kupigana makofi kama watoto wa chekechea. Kila mfuko aliunusa kabla ya kuuanua. Mama Mapacha alikata chini na vishikio, ukabaki mraba. Kisha miraba ilipangwa mmoja juu ya mwingine, karatasi chini na karatasi juu, pasi ikapita. Pasi ikiwa baridi, plastiki haishikani. Ikizidi moto, inajikunja na kutoboka kama chapati iliyosahauliwa. Mama Pasi alijua kwa kupitisha mkono juu yake, bila kugusa. Alipobandua karatasi, miraba ile myembamba ilikuwa imekuwa ngozi moja, ngumu, yenye rangi za maduka yote ya mtaa.

Hapo ndipo kazi ya Fundi ilipoanza, kazi ya mshono wa hatua ndefu na mkono mwepesi. Nguo, ukikosea, unafumua mshono unashona upya, na matundu yanajifunga. Plastiki haisamehe. Tundu la sindano likishaingia limeingia, na ukirudia rudia mahali pamoja, inachanika kama daftari lililotobolewa ukingo. "Plastiki ni kama mama mkwe," Mama Mapacha alipenda kusema. "Hasahau." Na Fundi humjibu, "Ndiyo maana uliolewa mbali."

Siku hizo mjukuu wa Mama Pasi ndiye aliyekuwa akileta chakula cha mchana akitoka shule. Wazazi wake walifanya kazi nchi ya mbali, na bibi alimlea tangu alipoacha kunyonya. Alikuwa katika umri ule wa miguu mirefu na vicheko visivyo na sababu. Bibi, kama bibi wote, alimwita mke mwenza.

"Mke mwenzangu, leo umempikia nini mume wetu?"

"Mume wetu yuko kaburini, hali. Kula wewe, bibi, kabla hakijapoa."

Kisha vicheko vikakatika. Msichana akaanza kuweka chakula mlangoni na kuondoka. Akaacha kupita njia ya mbele, akapita nyuma penye mifereji. Akajifunga kitambaa kichwani kwenye jua kali. Halafu tumbo likaanza kumuuma, na lilimuuma siku za shule tu. Mama Pasi alimchemshia maji ya tangawizi, akafikiri: ni umri. Sisi sote tulipita hapo.

Asubuhi ya siku ambayo Bwana Sampuli alikuwa aje kuchukua mzigo, Mama Pasi alifika mapema. Magunia yalikuwa yamepangwa ukutani, mifuko imekunjwa ndani. Fundi alikuwa amesisitiza kumalizia yeye mwenyewe, akisema kuna lebo za kushonea ndani ya mdomo wa kila mfuko, zimetoka kwa mnunuzi, wewe usihangaike wifi, mgongo wako. Mama Pasi alishukuru. Lakini mazoea ni mazoea. Hospitalini halikutoka shuka bila kukunjuliwa mara ya mwisho. Akatwaa kitambaa kikavu, akatoa mfuko wa juu, akaugeuza ili aupanguse ndani.

Lebo ilikuwa kitambaa cheupe, upana wa kiganja, na juu yake imechapwa picha.

Alizitambua nywele kwanza. Mistari ile, iliyopinda nyuma ya sikio la kushoto ili kufunika kovu dogo la utotoni, aliisuka yeye, msichana amekaa katikati ya magoti yake akilalamika kwamba anavutwa. Kisha akauona uso. Ulikuwa na tope shavuni na tope kwenye paji. Msichana alisimama pekupeku juu ya lundo la takataka, gauni limechanika begani, mikononi ameshika mifuko michafu, na nyuma yake moshi wa jalala. Chini yake palikuwa na maandishi. Mama Pasi aliyasoma kwa kidole, neno moja moja, kama alivyofundishwa utotoni.

*Msichana huyu alikula na kulala jalalani. Mfuko huu umemtoa huko.*

Akatoa mfuko wa pili. Akatoa wa tatu. Akafungua gunia lingine. Kote uso ule ule ulimtazama.

Hasira yake haikuja kwa kishindo. Ilikuja kama moto wa pasi: huuoni ukipanda, unaujua ukigusa.

Fundi aliingia akivua viatu mlangoni, utepe shingoni, uso umechangamka. "Umewahi, wifi! Chai umekunywa?"

"Njoo unisomee hapa. Macho yangu leo yamekuwa mabovu."

Fundi aliona kilichokuwa mkononi mwake, na uchangamfu ukamtoka.

"Soma."

"Wifi, ngoja nikueleze."

"Sikukuomba kueleza. Nimekuomba kusoma. Alikula wapi huyu mtoto? Soma kwa sauti."

Mama Mapacha, aliyekuwa akiingia, alisimama pale pale kizingitini.

"Ni picha tu," Fundi alisema. "Picha haimuumi mtu."

"Hili gauni ni lako la kupigia deki."

"Ndiyo."

"Tope usoni kalipaka nani?"

Fundi alitazama sakafu. "Mimi. Kidogo tu. Na tulimwosha hapo hapo, kwa sabuni."

"Kwa sabuni!" Mama Pasi alipiga makofi mara moja. "Ahsante sana. Mungu akulipe kwa hiyo sabuni. Mtoto niliyemlaza kifuani pangu, niliyemtafunia nyama akiwa hana magego, leo naambiwa alilala na funza, na mwenye kuniambia ni shangazi wa baba yake. Lakini alioshwa! Kwa sabuni!"

"Na wewe je?" Fundi naye akapanda. "Ulimtukana mgeni, ukamtajia nguruwe mbele ya watu. Nani angerudi? Wewe una jina lako la hospitali, kila ukipita unaamkiwa. Mimi nina nini? Nina mikono hii. Mikono ilikuwa inakufa, wifi! Alisema anataka kitu kidogo cha kuwagusa watu. Doa ulikataa. Nikatafuta njia nyingine."

"Ndiyo. Nilikataa kuchafua mifuko, ukaona bora umchafue mtoto."

Mama Mapacha alisema kwa sauti ya chini, "Jamani, majirani," akarudisha mlango.

Mama Pasi alivuka ua. Mjukuu alikuwa amelala akitazama ukuta, shuka mpaka masikioni. Bibi aliketi ukingoni mwa kitanda akaweka ile lebo, na mfuko wake wote, juu ya mto.

"Mke mwenzangu. Amka."

Msichana aligeuka akaona, akajifunika uso.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Bibi Fundi alisema ukijua utaivunja kazi, na kazi ikivunjika atakufa kwa mawazo. Alikuwa analia, bibi. Nikaona mifuko yenyewe inakwenda mbali, huko nani ananijua?"

"Halafu?"

"Halafu Bwana Sampuli akaiweka picha kwenye simu, watu waione. Mmoja wa darasani akaikuta kwa dada yake. Sasa nikipita wanaziba pua. Nikikaa, wanasogeza madawati."

"Wote?"

Msichana alifikiri kidogo. "Mmoja hazibi. Yule mwenye kigugumizi. Alihamisha vitabu vyake akaja kukaa na mimi. Hakusema kitu. Alikuja tu."

Mama Pasi hakumjua mtoto huyo, lakini alimwombea pale pale, moyoni, maisha marefu na ulimi mwepesi. Kisha hasira ikarudi mahali pake.

"Sasa nisikilize. Magunia yale yanakuja kuchukuliwa. Kazi ni yetu, lakini uso ni wako. Unataka uende?"

"Mmefanya kazi sana, bibi. Mgongo wako."

"Sikukuuliza mgongo wangu."

Nje mifuko iliyoanikwa ilipigana makofi kwenye kamba.

"Sitaki," msichana alisema. "Sitaki hata mmoja."

"Basi hautakwenda hata mmoja."

Kusema ni rahisi. Aliporudi chumba cha kazi, Mama Mapacha alikuwa ameshaanza kujaribu. Alifumua lebo moja kwa ncha ya mkasi, uzi baada ya uzi, kwa uangalifu wa mtu anayemtoa mtoto mwiba. Lebo ilitoka. Pale ilipokuwa pakabaki matundu, na kando yake matundu ya pindo, mistari miwili iliyokaribiana. Akaushika mfuko kwa vishikio, akatia tofali moja ndani, akanyanyua. Mdomo wote ukachanika, krrr, tofali likaanguka miguuni pake.

"Hasahau," alisema, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

"Ipo njia," alisema Fundi bila kuinua macho. "Kukata mdomo wote, chini ya mshono. Kukunja pindo jipya, kushonea vishikio upya. Itakuwa mifupi. Hataichukua. Alitoa kipimo chake, ikipungua haichukui."

"Basi aiache."

"Mama," alisema Mama Mapacha, na sauti yake ilikuwa ya kuomba, "hasira hasara. Mimi nina watoto wawili wa rika moja, wanamaliza viatu siku moja. Tuache hii iende, halafu kuanzia oda ijayo tumwambie hatutaki picha. Si ndiyo?"

Mama Pasi alimtazama. Hakumkasirikia, alijua viatu vya wale mapacha, alikuwa ameviona. Lakini alitembea mpaka penye magunia, akajishusha polepole, mkono kiunoni, akakaa juu yake.

"Mwenye haraka ya kuyabeba," alisema, "aanze na mimi."

Hivyo ndivyo Bwana Sampuli alivyowakuta: mmoja amekaa juu ya mzigo, mmoja amesimama na mkasi, mmoja amejiinamia kwenye cherehani. Alibisha hodi, akaitikiwa, akaingia na tabasamu lake.

"Mama zangu! Mbona kama tuko msibani?"

"Ndiyo," alisema Mama Pasi. "Tumefiwa na haya. Zako."

Akamwonyesha lebo. Bwana Sampuli hakushtuka, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Aliitazama kama mtu anayetazama kazi yake mwenyewe na kuipenda.

"Mama, picha hii imetusaidia sana. Watu wameiona wakalia."

"Wamelilia nini? Huyu mtoto leo asubuhi kalala kitandani, kwenye shuka nililolifua mimi. Machozi yao yamepotea njia."

"Lakini binti mwenyewe alikubali."

"Mtoto akiambiwa na mtu mzima anayelia mbele yake, anakubali hata kulamba kisu. Wewe una dada?"

"Ninaye."

"Mpeleke yeye."

Bwana Sampuli alijifuta jasho. Alikuwa na gari linalongoja nje na wenzake wanaongoja mbele ya safari, na lazima isemwe kwamba alijaribu kutafuta njia. Alizunguka chumba, akashika kidevu, kisha akageuka na uso umeng'aa.

"Basi tufanye hivi, sote tupone. Ya binti tunaifunika. Tunashonea lebo nyingine juu yake, kubwa kidogo, mshono wake uanguke mbali na ule wa kwanza. Picha tunapiga leo hii, mtu mzima, asiyesoma shule popote." Akamwelekea Fundi. "Wewe, mama. Una uso mzuri sana wa shida."

Fundi aliinua kichwa. "Mimi?"

"Wewe. Vua tu huo utepe, na viatu uviache hapo hapo mlangoni. Tunakwenda pale jalalani mara moja. Tunaandika kwamba ulikuwa ukiokota."

Mkono wa Fundi ulipanda wenyewe mpaka shingoni, ukaushika utepe. "Mimi nilishona magauni ya maharusi," alisema. "Mtaa huu wote. Waulize. Hata mke wa daktari nilimshonea mimi."

"Hilo hatuandiki, mama," Bwana Sampuli alisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Hilo halimlizi mtu."

Mama Pasi alikuwa akimtazama wifi yake, na angeweza kusema mengi. Maneno yalimjaa mdomoni mpaka menoni. Aliyameza. Aliona jinsi Fundi alivyojitazama miguu, viatu vyake vilivyopigwa rangi vikiwa pale mlangoni, na alijua kwamba sasa wifi yake amesimama juu ya lile lundo, moshi nyuma yake, na tope linakuja usoni.

Fundi aliondoka kwenye cherehani. Hakumtazama mtu. Alimpokonya Mama Mapacha mkasi mkononi, akautwaa mfuko uliokuwa karibu, akaunyoosha juu ya kaunta na kukata. Mkasi ulipita moja kwa moja chini ya mshono, bila kutetereka, mkono wa mtu aliyekata hariri. Mdomo ukaanguka na lebo yake. Akatwaa mwingine.

"Mama! Unaharibu!" Bwana Sampuli alipiga kelele. "Hiyo mifupi siichukui, mnasikia? Siichukui!"

"Usichukue," alisema Fundi. Alikuwa akilia na kukata, kukata na kulia. "Nani kakuomba? Usichukue! Uso wa shida! Shida umeniletea wewe!"

Mama Mapacha alishusha pumzi ndefu, ya mtu anayeaga jozi mbili za viatu pamoja. Kisha akafungua droo ya kaunta, akatoa mkasi mwingine.

Mama Pasi hakuondoka juu ya magunia. "Toa simu," alimwambia Bwana Sampuli. "Ifute hiyo picha. Hapa, mbele yangu."

Aliifuta, na kumwonyesha. "Ile yangu nimefuta, mama. Lakini wapo walioichukua wakapelekeana. Hiyo siwezi kuirudisha."

"Najua huwezi. Kwaheri."

Alitoka. Hata siku hiyo alifunga mlango taratibu, usigonge. Mama Pasi aliliona hilo na likamchoma zaidi kuliko kama angeupiga teke. Mtu mwenye mkono mpole kiasi hiki, na bado akafanya vile.

Walikata mpaka kaunta ikafunikwa na vitambaa vyeupe vyenye uso mmoja. Mifuko ilibaki mifupi, kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Wangeiuza sokoni, mmoja mmoja, kwa wauza vitunguu na wauza nyanya. Mama Mapacha alikuwa ameshaanza kutaja nani ataanza na nani. Fundi alikaa, akajifuta kwa mkono wa blauzi.

"Basi, wifi," alisema. "Yameisha."

"Hayajaisha."

"Nimekata yote! Unataka nini tena, nikupigie magoti?"

"Magoti yako yatanisaidia nini? Hapa tumekata. Shuleni nani atakata?"

Fundi alielewa, na akaogopa kuliko alivyoogopa jalala. "Wifi, mbele ya watoto? Wengine mama zao niliwashonea mimi."

"Ndio hao hao. Mlipokuwa mkikata nimevuka ua nikamuuliza mwenyewe kama anataka ukaseme ukweli darasani, kasema anataka. Wewe hukumuuliza kama anataka, mimi nimemuuliza."

Kesho yake walikwenda watatu, msichana katikati, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Langoni Fundi alisimama, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Tangulia," alisema Mama Pasi.

Mwalimu wa darasa, mwanamke mnene mwenye chaki kwenye kucha, aliwasikiliza mlangoni, akamtazama msichana kwa muda, akasema tu, "Karibuni." Kisha akavuta kiti chake mwenyewe akamsogezea Fundi. Fundi hakukaa. Alikishika mgongo wake kwa mikono miwili.

Mbele ya darasa zima, sauti ikipanda na kushuka, alisema. Kwamba picha waliyoiona ni ya uongo. Kwamba gauni lile lilikuwa lake, la kupigia deki. Kwamba tope alilipaka yeye, kwa kidole hiki, na akakiinua kidole wakakiona. Kwamba mtoto alivumilia kwa sababu alimwona mtu mzima analia akamhurumia. "Mchafu pale nilikuwa mimi," alisema. "Mkitaka kuziba pua, zibeni kwangu."

Hakuna aliyeziba. Nyuma kabisa mtu alicheka kidogo, kisha akaona hajaungwa mkono, akaacha. Msichana alikwenda mpaka dawatini kwake. Mwenzake yule mwenye kigugumizi alisogeza begi, akampisha.

Mama Pasi alisimama mlangoni mpaka alipoona vitabu vimefunguliwa. Hakuwa amepoa. Alimtazama Fundi akitoka, bega limeshuka, na kifua chake bado kilikuwa na moto. Alijua utakaa, labda muda mrefu, na kwamba jioni atakapompelekea chakula, maana atampelekea, atakiweka mlangoni tu.

Walirudi mmoja mbele, mmoja nyuma. Walipofika penye mteremko wa mawe, kiatu cha Fundi kilikatika mkanda. Akainama, akahangaika nacho, akijaribu kukifunga kwa uzi aliouchomoa kwenye pindo la gauni lake.

Mama Pasi alikuwa ameshapita. Alisikia nyayo zimekoma nyuma yake. Hakugeuka. Lakini alisimama, akamgojea.